Maboya yanayosikiliza: Namna miito ya nyangumi inavyoongoza meli katika hifadhi ya Stellwagen

USIKU wa ukungu mzito, nahodha wa meli ya mizigo inayoelekea bandari ya Boston, nchini Marekani, hana namna ya kumwona nyangumi aliye mbele yake. Hata mchana wa jua kazi hiyo ni ngumu, kwani mnyama huyo ni mweusi, hana pezi mgongoni, na mara nyingi huelea chini kidogo ya uso wa bahari akijilisha.

Kwa sababu hiyo wanasayansi waliamua kutumia masikio badala ya macho. Kwa zaidi ya miongo miwili sasa, maji ya Jimbo la Massachusetts yamekuwa darasa la dunia katika kazi ya kusikiliza sauti za nyangumi kwa vyombo vilivyotegwa baharini, ili meli zipunguze mwendo kabla ya ajali kutokea.

Kitovu cha kazi hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Stellwagen Bank, iliyoanzishwa mwaka 1992. Ni eneo la takribani kilomita za mraba 2,180, kwenye mlango wa Ghuba ya Massachusetts, kati ya rasi za Cape Ann na Cape Cod. Katikati yake lipo fungu la mchanga na changarawe lililozama. Maji ya kina kirefu yanapoligonga hupanda juu yakiwa na rutuba, na rutuba hiyo huvuta viumbe wadogo, samaki na hatimaye nyangumi.

Tatizo ni kwamba njia kuu ya meli ziingiazo na kutoka Boston hupita katika hifadhi hiyo.

Mnyama anayehofiwa kutoweka

Nyangumi anayewasumbua zaidi wataalamu ni yule anayejulikana kitaalamu kama Eubalaena glacialis. Wawindaji wa kale wa Kiingereza walimpa jina lenye maana ya “nyangumi anayefaa”, kwa kuwa alikwenda polepole, alipenda kukaa karibu na pwani, na alipouawa alielea badala ya kuzama. Sifa hizo ndizo zilizomponza. Uwindaji wake ulipopigwa marufuku kimataifa mwaka 1935, walikuwa wamebaki wachache mno.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 idadi yao ilikuwa imepanda hadi kukaribia 480, kisha ikaanza kushuka tena. Leo hii wako chini ya 400, na kati ya hao majike wenye uwezo wa kuzaa ni takribani 70 tu. Jike huzaa ndama mmoja kwa wakati, na huweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Kwa hesabu hiyo, kifo cha jike mmoja ni pengo lisilozibika upesi.

Mambo mawili ndiyo yanayowaua zaidi: kugongwa na meli, na kunaswa na kamba za mitego ya kamba-koche na kaa. Mwaka 2017 pekee nyangumi 17 walipatikana wamekufa, 12 nchini Canada na watano Marekani, hali iliyozifanya serikali za nchi hizo kuchukua hatua za dharura.

Sauti husafiri mbali kuliko mwanga

Chini ya bahari, mwanga hufifia baada ya makumi ya mita. Sauti, kwa upande wake, husafiri katika maji kwa kasi ya takribani mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na zile nzito hufika mbali sana. Nyangumi wameyajenga maisha yao juu ya ukweli huo: huitana, hutafutana na hujulishana walipo kwa sauti.

Mwito unaotumiwa zaidi kumtambua nyangumi huyu hudumu kwa takribani sekunde moja. Huanza kwa sauti nzito, kisha hupanda kwa haraka, mfano wa mtu anayeuliza swali kwa mguno. Hutolewa na madume na majike, wakubwa kwa wadogo, jambo linaloufanya uwe alama nzuri ya kuwatambua.

Chombo cha kuunasa huitwa haidrofoni, yaani kinasa sauti kilichoundwa kufanya kazi majini. Ndani yake imo kauri maalumu ambayo, inapobanwa na mawimbi ya sauti, hutoa umeme mdogo. Umeme huo hubadilishwa kuwa tarakimu, na kompyuta huzichora tarakimu hizo kama picha: muda ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia, na uzito au wembamba wa sauti ukisoma kutoka chini kwenda juu. Katika picha hiyo, mwito wa nyangumi huyu huonekana kama mkunjo mfupi unaopanda.

Programu ya kompyuta hufundishwa kuutafuta mkunjo huo. Hata hivyo, mashine hukosea. Nyangumi wa nundu, ambao nao hujaa Stellwagen, hutoa baadhi ya milio inayofanana nao, na milio ya injini nayo huweza kuihadaa kompyuta. Kwa hiyo, kabla tahadhari haijatolewa, mtaalamu huikagua picha na mara nyingine huisikiliza sauti yenyewe.

Pale vinasa sauti kadhaa vinaposikia mwito mmoja, mahali alipo nyangumi huweza kukadiriwa. Ikiwa kinasa cha pili kimeusikia mwito sekunde mbili baada ya cha kwanza, basi nyangumi yuko mbali na cha pili kwa kilomita tatu zaidi. Vipimo vya vinasa vitatu au zaidi vikiunganishwa, hupatikana eneo la mnyama kwenye ramani.

Kutoka kwenye kumbukumbu hadi tahadhari

Teknolojia hii ina asili ya kijeshi. Katika miaka ya 1950, jeshi la wanamaji la Marekani lilianza kutandaza vinasa sauti katika sakafu ya bahari ili kusikiliza nyambizi za Urusi ya Kisovieti, na wahandisi wake wakajikuta wakinasa pia sauti za wanyama. Mwaka 1971 watafiti Roger Payne na Scott McVay walichapisha ripoti iliyoonesha kuwa nyangumi wa nundu huimba nyimbo zenye mpangilio unaorudiwa.

Kwa muda mrefu usikilizaji ulikuwa wa kungoja. Kinasa sauti kilizamishwa, kikakaa miezi kadhaa, kisha kikaamriwa kwa ishara ya sauti kuachia uzito wake na kuibuka. Ndipo watafiti walipojua nani alipita.

Mbinu hiyo ilileta habari muhimu. Vinasa vilivyotegwa katika Ghuba ya Massachusetts kuanzia Mei 2007 hadi Oktoba 2010 vilibainisha kuwa nyangumi hao huwamo ghubani mwaka mzima, ingawa husikika zaidi kati ya Februari na Mei. Upelelezi wa ndege haukuwa umeonesha hivyo, kwani ndege hairuki usiku wala katika dhoruba.

Lakini kumbukumbu ya miezi iliyopita haiwezi kumsaidia nahodha wa leo. Mabadiliko yalikuja pale ilipopangwa kujengwa vituo vya kupokelea gesi asilia ya kimiminika nje ya Boston. Moja ya masharti ya vibali ilikuwa kuweka mtambo wa kuwalinda nyangumi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, wakiongozwa na Christopher Clark, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Woods Hole, walitega maboya 10 kando ya njia ya meli, ambayo yalianza kazi mwaka 2008.

Kila boya lilisikiliza eneo la maili tano za baharini kulizunguka. Haidrofoni ilikaa chini karibu na sakafu ya bahari, ikaunganishwa na boya kwa mpira unaonyumbulika kama ukanda ili mrindimo wa mawimbi usiharibu usikivu. Kompyuta iliyo ndani ya boya ilichagua sauti zilizofanana na mwito na kuzituma nchi kavu. Mtaalamu alipothibitisha, manahodha wa meli za gesi walitakiwa kushusha mwendo hadi maili 10 za baharini kwa saa, yaani takribani kilomita 18.5.

Sababu ya kushusha mwendo ina ushahidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kuwa nyangumi mkubwa anapogongwa na meli inayokwenda maili 15 za baharini kwa saa, uwezekano wa jeraha kuwa la kuua ni takribani asilimia 80. Mwendo ukishuka hadi maili 8.6, uwezekano huo huwa takribani asilimia 20.

Mwaka huohuo wa 2007 njia ya meli kuelekea Boston ilisogezwa upande wa kaskazini, baada ya ramani kuonesha sehemu ambazo nyangumi hukusanyika zaidi. Ilikadiriwa kuwa hatua hiyo ingepunguza hatari ya kugongwa kwa asilimia 58 kwa nyangumi huyu, na kwa asilimia 81 kwa nyangumi wengine wakubwa wa eneo hilo. Desemba 2008 zikafuata kanuni za Serikali ya Marekani zinazozitaka meli zenye urefu wa futi 65, sawa na mita 20 hivi, au zaidi, kutozidi maili 10 kwa saa katika maeneo na misimu maalumu.

Aidha, kuanzia mwaka 2020 sauti peke yake imekuwa kigezo cha kutangaza maeneo ya muda ya mwendo wa polepole. Mwito ukithibitishwa, tangazo hutolewa na hudumu kwa siku 15. Sehemu ya sauti hizo hunaswa na maboya ya kizazi kipya, na nyingine na vyombo vidogo visivyo na rubani vinavyoteleza chini ya maji kwa wiki kadhaa, vikiibuka mara kwa mara kutuma taarifa kwa satelaiti. Canada nayo hutumia vyombo hivyo katika Ghuba ya St. Lawrence.

Kelele na kimya

Pamoja na mafanikio hayo, usikilizaji una mipaka yake. Wa kwanza ni kelele. Rafadha na injini za meli hutoa sauti nzito zilezile ambazo nyangumi huzitumia kuitana. Utafiti ulioongozwa na Leila Hatch, uliochapishwa mwaka 2012, ulikadiria kuwa kwa sababu ya kelele za meli, nyangumi hao katika eneo la Stellwagen wamepoteza kwa wastani asilimia 63 hadi 67 ya eneo ambalo zamani waliweza kusikilizana.

Kelele hizo huwaathiri pia kimwili. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, safari za meli zilipungua ghafla katika Ghuba ya Fundy, Canada. Watafiti waliokuwa wakikusanya kinyesi cha nyangumi huko walibaini kuwa, katika siku hizo za utulivu, homoni zinazoashiria msongo zilikuwa zimeshuka.

Mpaka wa pili ni kimya. Kinasa sauti hakimjui nyangumi asiyeita, na kusikika mwito mmoja hakusemi kama wapo watatu au thelathini. Watafiti wamegundua kuwa mama mwenye ndama mchanga hupunguza miito ya kusikika mbali na kumnong’oneza mwanawe kwa miguno midogo, huenda ili wasisikiwe na maadui. Hivyo wale ambao uhai wao una thamani kubwa kuliko wote ndio walio vigumu kusikika.

Mpaka wa tatu ni utii. Maeneo ya muda yanayotangazwa kwa kufuata sauti ni ya hiari, na nahodha anayepita kwa kasi hakabiliwi na adhabu. Mwaka 2022 mamlaka ya bahari ya Marekani ilipendekeza kanuni za lazima zipanuliwe hadi kwa vyombo vya kuanzia futi 35. Wenye boti, wavuvi wa burudani na marubani wa bandari walipinga, wakitaja usalama wa abiria wao na hasara ya biashara. Januari 2025 pendekezo hilo liliondolewa.

Vilevile, sauti haiwezi kumwokoa nyangumi aliyekwisha kunaswa. Zaidi ya asilimia 80 ya nyangumi hao wana makovu ya kamba. Hata hapo, hata hivyo, sauti inajaribiwa kwa namna nyingine: mitego isiyo na kamba ya kudumu, ambayo mvuvi huiamuru kwa mlio iachie boya lake pale tu anapofika kuivua.

Somo hili si la Massachusetts pekee. Nyangumi wa nundu hufika pwani za Kenya na Tanzania kila mwaka, hasa kati ya Julai na Oktoba, wakitoka maji ya baridi ya Antaktika kuja kuzaa, na madume yao huimba wakiwa huku. Haidrofoni zaweza kuwasikia kama zinavyowasikia wenzao wa kaskazini.

Katika maji ya Boston, uzoefu umeonesha kuwa boya hutimiza wajibu wake linapofikisha taarifa nchi kavu. Kinachofuata kimo mikononi mwa binadamu aliyeshika usukani.