Nauli za Reli Marekani: Tume Iliyozaliwa Kibogoyo

Katika jimbo la Illinois, Marekani, mji wa Gilman uko karibu na New York kuliko mji wa Peoria kwa maili 86. Hata hivyo, reli ya Wabash ilitoza senti 15 kwa kila ratili 100 za mzigo kutoka Peoria hadi New York, na senti 25 kutoka Gilman. Ndivyo kampuni za reli zilivyofanya biashara enzi hizo: penye ushindani zilishusha nauli, na pasipo ushindani zilijifidia kwa mkulima asiye na njia nyingine.

Wakulima hao, kupitia chama chao cha Grange, walikwisha kuyashinikiza mabunge ya majimbo yadhibiti nauli, na mwaka 1877 Mahakama ya Juu iliwaunga mkono. Lakini mwaka 1886, katika shauri hilohilo la Gilman, Mahakama ikaamua kwamba jimbo halina mamlaka juu ya mzigo unaovuka mipaka yake. Na mzigo wa New York huvuka mipaka.

Februari 4, 1887, Rais Grover Cleveland akatia saini sheria ya kuunda Tume ya watu watano. Nauli ziwe za haki, zitangazwe hadharani, na punguzo la siri kwa wateja wakubwa likome. Nani apange hiyo nauli ya haki? Sheria ilinyamaza. Wapo wanaosema Kongresi ilipitiwa. Mimi naona ukimya ule uliwafaa wengi.

Tume ilijaribu kupanga nauli, hadi mwaka 1897 Mahakama ilipotamka kwamba kuikataa nauli ya zamani si sawa na kuweka mpya. Kwa maneno mengine, kampuni iliyokatazwa senti 25 ingeweza kutoza 24, na mlalamikaji akaanza shauri upya. Mwaka huohuo Mahakama ilikubali ushindani uwe sababu halali ya kutoza safari fupi zaidi ya ndefu. Jaji John Marshall Harlan alipinga, akiona Tume imebaki chombo kisicho na kazi.

Mamlaka ya kuweka ukomo wa nauli yalipatikana mwaka 1906, zama za Theodore Roosevelt, kupitia Sheria ya Hepburn. Kifungu cha safari fupi na ndefu, ile kero ya Gilman yenyewe, kilisubiri hadi mwaka 1910 ndipo kikarejeshewa nguvu.