Njia ya Maharusi: Kutoka Snowflake hata St. George

Tangu mwaka 1877 hata mwaka 1927, kila ilipoingia vuli, mavuno yakiwa yamekwisha tiwa ghalani na jua la jangwani limepunguza ukali wake, vijana wa Kimormoni waliolowea bonde la mto Little Colorado, kaskazini mwa Arizona, walifunga farasi kwenye magari yao yaliyoezekwa turubai, wakapakia unga, maharage, nyama iliyotiwa chumvi na pipa la maji, wakaaga wazee wao, wakashika njia ya Utah kwenda kuozeshwa katika hekalu la mji wa St. George. Kutoka Snowflake, kijiji kilichoasisiwa mwaka 1878 na kubeba majina mawili ya waasisi wake, Erastus Snow na William J. Flake, hata kufikia mlango wa hekalu, ulikuwa mwendo wa zaidi ya maili 300. Na kwa kuwa farasi wakokotao mzigo juu ya mchanga hawavuki maili 15 au 20 kwa siku, kwenda na kurudi kuliweza kumaliza wiki sita. Reli ilifika Holbrook, jirani kabisa na vijiji hivyo, mwaka 1881, lakini ilikwenda mashariki na magharibi, isimfae kitu bwana harusi aliyetaka kwenda kaskazini.

Leo njia hiyo huitwa Njia ya Fungate. Jina hilo halikutungwa na waliosafiri. Lilienezwa katika miaka ya 1930 na Will C. Barnes, mfugaji wa ng'ombe wa upande wa Holbrook aliyekuja kuwa mwandishi, ambaye mwenyewe hakuwa Mmormoni. Ni jina tamu, na utamu wake umewavuta watalii wengi. Ila naona limeificha sababu iliyowatoa wale mabinti majumbani mwao, kwani hawakwenda kutafuta raha ya siku za kwanza za ndoa, bali walikwenda kutafuta amana dhidi ya mauti.

Asiyejua itikadi ya watu hawa atauliza kwa nini wasiozeshwe kwao, ilhali maaskofu walikuwako na nyumba za ibada zilikuwako. Kanisa lao, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, lilifundisha, na hata sasa lafundisha, kwamba ndoa ifungwayo na mwanadamu kwa mamlaka ya dunia hukoma mmoja wa wanandoa akatapo roho, bali ndoa ifungwayo ndani ya hekalu, na mtu mwenye ukuhani uliopewa idhini hiyo, hudumu dahari na milele. Na watoto watakaozaliwa na wawili waliounganishwa hivyo huhesabiwa kuwa wamezaliwa katika agano, nao ni wa wazazi wao hata ahera. Nyumba ya ibada ya kila Jumapili haitoshi kwa jambo hilo. Yapasa liwe hekalu, na mahekalu yalikuwa machache mno. Lile la Nauvoo, katika Illinois, waumini walilazimika kuliacha mwaka 1846 walipofukuzwa. Huko Salt Lake City walitumia tangu 1855 jengo dogo la muda. Na la kwanza kukamilika katika Utah, lililowekwa wakfu tarehe 6 Aprili 1877, ndilo hilo la St. George. Waumini wenzao wa Kenya hawahitaji kuelezwa sana habari hii, maana kwa miaka mingi hekalu walilopangiwa lilikuwa la Johannesburg, lililofunguliwa mwaka 1985, na mtu na mkewe waliooana kisheria Nairobi au Mombasa walidunduliza nauli hata wapate kuvuka nusu ya bara. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025 tu.

Hekalu la St. George lenyewe lina hadithi yake ya tabu. Mahali alipopachagua Brigham Young, kiongozi wa Kanisa wakati huo, palikuwa chepechepe, maji yakibubujika chini, basi mafundi wakaleta mawe meusi ya volkano na kuyashindilia ardhini kwa mzinga mkongwe wa vita uliojazwa risasi ya kuyeyusha, ukivutwa juu kwa kamba na farasi kisha kuachiwa udondoke kwa kishindo, siku baada ya siku, hata ardhi ikakataa kushuka tena. Mbao zilitoka mlima Trumbull, mbali kiasi cha maili 80. Wajenzi walilishwa nyama, siagi na jibini za kutoka Pipe Spring, ngome ya mawe iliyojengwa juu ya chemchemi jangwani, ambako ng'ombe waliotolewa na waumini kuwa fungu la kumi walichungwa na kukamuliwa. Kuta za mawe mekundu zikapakwa lipu nyeupe, ndipo jengo likawa kama tulionavyo hadi leo, lang'aa peke yake chini ya majabali mekundu. Brigham Young aliishi kuliona likiwekwa wakfu, akafariki Agosti ya mwaka uleule.

Maandalizi ya bi harusi yalianza mapema. Mavazi meupe ya hekaluni aliyashona mwenyewe au alishonewa na mama yake, kwa kuwa duka la kuyanunua halikuwako. Mablanketi ya viraka yalishonwa na wanawake wa kijiji wakiketi kuizunguka fremu moja ya mbao, kila mmoja na sindano yake, na bila shaka kila mmoja na nasaha zake. Aghalabu waliondoka jozi kadhaa pamoja, kwa usalama na kwa heshima, na wale waliokuwa bado hawajafunga ndoa yoyote walisafiri chini ya jicho la wazazi au wa mtu mzima mwenye mke, wanawake wakilala garini na wanaume nje chini ya gari. Wengine walikuwa wameshaozeshwa kwa sheria na askofu au hakimu wa kijijini, miezi au miaka iliyopita, wakaenda hekaluni wamepakata mtoto, ili waunganishwe wote watatu. Mwari wa pwani yetu, katika siku zake saba, hukaa ndani akisingwa na kuhudumiwa na kungwi wake; mwari huyu wa jangwani aliamka kabla ya mapambazuko kuwasha moto wa vichaka, akaoka mkate ndani ya chungu kizito cha chuma kilichofunikwa makaa juu ya mfuniko, akafua iwapo maji yalipatikana.

Kutoka Little Colorado njia ilipitia nchi ya Wanavaho na Wahopi, ikafuata majabali ya Echo Cliffs, ambako kila kisima kilijulikana kwa jina na kwa ladha ya maji yake, hata ukingoni mwa mto Colorado, katika kivuko cha Lees Ferry. Hapa ndipo safari ilipotisha. Kwanza ilibidi kuteremka mgongo wa mwamba uliopewa jina la Lee, mteremko mkali wa mawe matupu, magurudumu yamefungwa minyororo yasizunguke, wanawake na watoto wakishuka kwa miguu wakiwa na mawe mikononi tayari kuyawekea magurudumu kigingi. Kisha ndipo pantoni ya mbao, na mto mwekundu uendao kasi. Mwezi wa Mei 1876 pantoni ilizama maji, Lorenzo Roundy, mmoja wa viongozi wa Kanisa, akafa maji. Kivuko kilianzishwa na John D. Lee, aliyetumwa huko kujificha kwa sababu ya sehemu yake katika mauaji ya wasafiri yaliyotokea Mountain Meadows mwaka 1857, naye akapigwa risasi kwa hukumu ya serikali tarehe 23 Machi 1877, wiki mbili tu kabla hekalu la St. George halijawekwa wakfu. Mkewe Emma akakiendesha hata Kanisa lilipokinunua kwake mwaka 1879. Maharusi waliotamani kusahau ukatili wa ulimwengu walivushwa, basi, na jina ambalo hakuna Mmormoni aliyelisikia bila kuinamisha uso.

Aliyewavusha wengi wao alikuwa Warren Johnson, mtu mpole aliyekaa pale pamoja na familia yake kwa miaka ipatayo ishirini. Mwaka 1891 familia moja ya wasafiri, iliyokuwa imemzika mtoto njiani bila kujua maradhi aliyokufa nayo, ilipumzika kwa akina Johnson. Baada ya siku chache dondakoo likaingia nyumbani, na katika muda wa wiki chache Johnson na mkewe wakawazika watoto wanne. Makaburi yao yangali pale, karibu na mto. Hakuna bi harusi aliyepita Lees Ferry baada ya mwaka huo ila aliwahi kuyaona au kusimuliwa habari zake, na naamini kwamba hotuba zote zilizotolewa kuhusu umilele wa aila hazikuweza kumfahamisha anachokwendea kama yalivyomfahamisha makaburi hayo manne.

Ng'ambo ya mto, chini ya majabali ya Vermilion, nchi hulegea kidogo. Kwenye chemchemi ya House Rock wasafiri walipiga kambi, na hapo mawe yameandikwa majina na tarehe, mengine yamechongwa kwa ncha ya chuma, mengine yamepakwa kwa grisi nyeusi iliyochotwa kwenye ekseli za magari, ambayo jua la zaidi ya miaka mia halijaifuta. Kisha mlima wa Buckskin wenye misonobari na baridi kali, kisha Pipe Spring, ambako kulikuwa na maji mengi, ukuta wa kuegemea na, tangu 1871, kituo cha telegrafu, cha kwanza katika Arizona. Halafu mteremko wa Hurricane, na mwisho, kwa mbali, weupe wa hekalu.

Yaliyofanywa ndani Wamormoni hawayasimulii kwa watu wa nje, nami sioni haja ya kuyachungulia. Lijulikanalo kwa wote ni kwamba walioingia walivaa nyeupe, kwamba walipiga magoti wawili wawili madhabahuni, na kwamba wengine walibaki mjini siku kadhaa wakifanyiwa ibada hizohizo kwa niaba ya bibi na babu zao waliokufa kabla ya kuijua dini hii, jambo lililoanza kufanywa kwa ukamilifu katika hekalu hilohilo mwaka 1877. Msichana aliyetoka nyumbani akidhani anakwenda kujifunga na mume mmoja alirudi amefungamana na ukoo mzima, walio hai na waliozikwa Illinois, Uingereza au Denmark.

Ama kuhusu kujifunga na mume mmoja, yapasa kusema wazi kwamba katika miaka ya mwanzo huenda bi harusi akawa wa pili au wa tatu. Ndoa ya wake wengi ilitangazwa hadharani na Kanisa mwaka 1852, na Lucy Hannah Flake, aliyeolewa na William Flake mwaka 1858, alimwona mumewe akimwoa Prudence Kartchner mwaka 1868. Sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1882 ilipoanza kuwasaka waume hao, Flake alifungwa katika gereza la Yuma, na ngome ya Pipe Spring, iliyowalisha wajenzi wa hekalu, ikawaficha wake wasiotakiwa kuonekana na maafisa. Mwaka 1890 Rais wa Kanisa, Wilford Woodruff, akatoa tangazo la kukomesha ndoa hizo. Kuna waandishi wanaoshughulika na jambo hili peke yake, kana kwamba mwanamke wa Kimormoni hakuwa na jingine la kumkosesha usingizi.

Alikuwa nayo tele. Huyo Lucy Flake ameacha shajara, na mahali pamoja, akiwa ameshazeeka kiasi, amehesabu kazi za asubuhi moja tu: kuwafungulia kuku na kuwalisha, kuteka maji na kunyweshea miche, kuwasha moto na kuteleka viazi, kufagia vumbi lililolala sakafuni unene wa nusu inchi, kukanda na kuoka, kukamua, na kuwafuata ndama waliokwenda mbali. Vumbi hilo ndilo lililomngojea kila mwari aliyerudi kutoka St. George. Mto Little Colorado ulibomoa mabwawa ya wakulima mwaka baada ya mwaka, hata vijiji vingine vya mwanzo, kama Sunset na Brigham City, vikahamwa. Faraja yake mwari huyo aliipata katika Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama, ulioanzishwa Nauvoo tarehe 17 Machi 1842, ambamo wanawake walitembelea wagonjwa, waliosha maiti, na tangu 1876 walikusanya ngano na kuiweka akiba kwa siku za njaa, wakiitafuta hata kwa kuokota masuke yaliyosazwa na wavunaji. Matumaini yake, kwa kadiri shajara na barua zinavyoonyesha, yalikuwa ya kawaida kabisa: sakafu ya mbao badala ya udongo, mtoto avuke kiangazi cha pili, mume asiitwe kwenda misheni kabla mahindi hayajavunwa.

Njia ilikufa kwa sababu mbili zilizofuatana. Hekalu la Mesa, karibu na Phoenix, liliwekwa wakfu Oktoba 1927, na maharusi wa Arizona wakageuza vichwa vya magari yao, ambayo sasa yalikuwa ya petroli, kuelekea kusini. Mwaka uliofuata pantoni ya Lees Ferry ilizama na kuua watu watatu, isirudishwe tena, kwa kuwa maili chache kutoka hapo daraja la chuma lilikuwa likimaliziwa juu ya korongo. Likafunguliwa mwaka 1929, likiwa imara, pana na lisilo na mgongo wa mwamba wa kuteremka, baada ya maharusi wote kuacha kupita. Hekalu la Snowflake kwenyewe lilifunguliwa tarehe 3 Machi 2002, juu ya kilima kando ya mji, na kitukuu cha wale waliosafiri wiki sita aweza sasa kuunganishwa asubuhi na kurudi kwao kabla ya chakula cha mchana.