Mpira wa Mafuta na Pamba ya Maswa

Historia ya pamba ya Usukuma tumeshaisoma, tena wengi wetu kwa kukariri: Paul Bomani, Victoria Federation mwaka 1955, Nyanza mwaka 1968, vyama kufutwa mwaka 1976. Yote kweli. Lakini, ndugu msomaji, pamba haikutembea kwa miguu kutoka vijiji vya Maswa hadi kiwandani, wala kutoka kiwandani hadi stesheni ya Malampaka. Ilibebwa na malori, Bedford na wenzake, na malori yale yalitegemea kitu kidogo ambacho vitabuni sijakiona: paipu ya mafuta.

Paipu ya asili ilikuwa ya chuma, na pale injini inapotikisika kiliungwa kipande cha mpira. Chuma hushika kutu, hasa tope likiganda kwenye chesisi. Mpira nao hukauka ukapasuka vijistari. Kwenye gari ya petroli utanusa, utaona tone. Hatari yake ni moto, tone likiangukia ekzosi. Dizeli ni mjanja zaidi. Ufa ukiwa upande wa kunyonya, kabla ya pampu, pengine hakuna kinachovuja nje. Hewa ndiyo inaingia ndani. Lori linakohoa, linazima na shehena mgongoni, utingo anaanza kulegeza nati na kupiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe. Kilomita chache mbele, tena.

Dawa yake ni mpira usiofika hata mita moja. Shida ni kwamba mpira huo ulitaka fedha za kigeni. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978-79, vilivyochukua hata malori ya raia, spea ziliadimika, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983 ukamfanya hata mwenye nazo azifiche. (Kuna waliotupa mali usiku, sembuse mpira!) Hapo fundi akawa ndiye kiwanda. Akakata tyubu ya tairi, akafunga kwa waya. Lakini bwana, tyubu inazuia upepo, mafuta haiyawezi: inavimba, inalainika, vipande vinakatika na kwenda kuziba chujio. Mpira unaovumilia mafuta ni wa aina nyingine, ambao Wajerumani waliubuni miaka ya 1930.

Paipu ya shaba ilikuwa afadhali. Inakunjika kwa mkono, ila mtikisiko huifanya ngumu mpaka ikatike. Fundi anayejua huichoma moto kwanza irudie ulaini, kisha huizungusha duara moja karibu na injini, mtikisiko uishie hapo. Duara lile mimi nalihesabu kuwa hati ya historia, sawa na daftari la ushirika.

Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wa pamba waliruhusiwa, wakaja na malori yao. Leo ukipata Bedford au Land Rover ya zamani hapa Maswa, ambayo tangu 2012 imo mkoa wa Simiyu, ng'oa viraka vyote: shaba iliyochoka, tyubu, waya. Anza kwa kuosha tangi, maana kutu yake itaziba chujio jipya wiki ileile. Halafu nunua mpira ulioandikwa kuwa ni wa mafuta. Ule mweupe wa bomba la maji usiuchukue, hata muuzaji aape. Dukani unapendeza na bei yake ndogo. Petroli ikiupitia kwa muda, unakakamaa kama ukucha na kuvunjika mkononi.