Mmea wa Vitungi na Nyumba za Vioo

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za mmea mmoja wa ajabu, na jinsi watu wa nchi za baridi walivyojifunza kuutunza ndani ya nyumba. Huenda mtu akauliza, "Ua la anasa la Ulaya latuhusu nini sisi?" Latuhusu, kwa kuwa asili yake si Ulaya. Mmea huu ni wa nchi za joto, na jamaa zake walio karibu nasi huota Bukini, yaani Madagaska, na katika visiwa vya Shelisheli. Tena habari zake zatufundisha jambo lifaalo kila mtu apandaye mche au alishaye mnyama.

Wataalamu huuita Nepenthes. Ncha ya jani lake hurefuka ikawa kama kamba nyembamba, na mwisho wa kamba hiyo hutokea kitungi chenye mdomo mtelezi na kifuniko juu. Kifuniko hicho hakimfungii mdudu, kama wengi wadhanivyo. Huzuia mvua isijaze kitungi. Ndani mna maji yatengenezwayo na mmea wenyewe. Mdudu afuataye utamu wa mdomoni huteleza, huzama, na mwili wake huyeyuka ukawa chakula. Sababu ni kwamba mmea huu huota penye udongo maskini. Kile usichokipata chini hukitafuta juu.

Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa Wafaransa huko Bukini, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1658. Mwaka 1737 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, akaupa jina la Nepenthes, yaani kiondoa huzuni, kwa kukumbuka dawa iliyotajwa na Homer, mshairi wa Kiyunani. Walakini kuuandika kitabuni ni jambo moja, na kuufikisha Ulaya ukiwa hai ni jambo jingine. Safari ya merikebu ilichukua miezi. Maji ya chumvi yaliunguza majani, na maji matamu yalipimwa kwa ajili ya watu. Miche mingi ilifika imekauka.

Mlango ulifunguliwa na tabibu wa London, Nathaniel Bagshaw Ward. Makangaga aliyoyapanda kwake yalikuwa yakifa kwa moshi wa makaa ya mawe. Mwaka 1829 alizika kifukofuko cha nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunika, apate kumtazama nondo akitoka. Akaona kwamba unyevu hupanda mchana, hugusa kioo, kisha hurudi chini kama mvua. Na humo likaota kangaga bila kumwagiwa maji! Basi akatengeneza masanduku ya mbao na vioo, na mwaka 1833 akayapeleka Sydney, Australia, yakiwa na mimea. Ilifika hai. Sanduku hilo ndilo lililobeba baadaye miche ya chai kutoka China kwenda Bara Hindi. Tusidharau, basi, jambo dogo lionekanalo ndani ya chupa.

Mwaka 1845 Uingereza iliondoa kodi ya vioo, na bei yake ikashuka. Matajiri wakajenga nyumba za vioo zilizopashwa moto kwa mabomba ya maji ya moto. Jamaa ya Veitch, waliokuwa wauza mimea, wakatuma watu wao hata Java, Singapore na Borneo. Fundi wao John Dominy alifaulu kuchanganya aina mbili za Nepenthes. Haikuwa kazi rahisi, kwa maana mmea wa kiume na wa kike ni mbalimbali, kama mipapai, na sharti yote miwili itoe maua wakati mmoja.

Mmea uliotamaniwa kuliko yote ulikuwa Nepenthes rajah, uotao katika mlima Kinabalu, kisiwani Borneo. Mwaka 1858 Hugh Low na Spenser St. John walipokuwa mlimani, walimwona mmoja wa wafuasi wao akichukua maji katika kitungi chake. Wakakipima, kikajaza chupa nne za paini moja moja. Katika kingine walikuta panya aliyezama. Na tuangalie hapa: majina ya mabwana hao yamo vitabuni, lakini yule aliyechota maji kwa kitungi hicho jina lake halikuandikwa, ingawa matumizi yake aliyajua kabla yao.

Mwaka 1878 Frederick Burbidge aliwaletea Veitch mbegu za rajah. Zikaota, lakini mmea ulikuwa mgumu kuutunza. Kwa nini? Nyumba za vioo zilikuwa na joto usiku na mchana, kumbe rajah huota juu ya futi 5,000, penye usiku wa baridi. Mtu aliyezaliwa penye baridi ya Kilimanjaro hulalamika akilala Tanga wakati wa kaskazi. Na mmea ni vivyo hivyo. Walidhani kila kitokacho nchi za joto hupenda joto. Wema wao ndio uliouumiza.

Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, makaa ya mawe yaliadimika na watunzaji wakaenda vitani. Nyumba nyingi zikazimwa moto, na mimea iliyolelewa miaka mingi ikafa kwa baridi.

Siku hizi mmea huu hutunzwa hata katika sanduku la kioo sebuleni, chini ya taa ya umeme. Kanuni ni chache. Unyweshwe maji ya mvua, si maji yenye chumvichumvi au chokaa. Upandwe katika kuvumwani na vitu vyepesi vipitishavyo maji, wala usitiwe samadi, kwa kuwa mizizi yake haikuzoea shibe. Upate mwanga mwingi na hewa yenye unyevu. Tena, kabla ya yote, ijulikane kama ni wa nyanda za chini au wa mlimani, maana huu wa pili hutaka usiku wa baridi.

Tamaa ya wakusanyaji ilitishia kuimaliza mimea hiyo mwituni. Kwa hiyo tangu mwaka 1981 rajah imelindwa na mapatano ya mataifa, isiuzwe ikitolewa mwituni. Mingi iuzwayo sasa huoteshwa kwa mbegu, au kwa vipande vidogo ndani ya chupa za maabara.

Wazee wetu husema, "Mwacha asili ni mtumwa." Mmea hauwezi kuiacha asili yake hata ukivushwa bahari saba. Atakaye kuulea, na aanze kwa kuuliza kwao ni wapi, wanakunywa nini, na usiku wao ni wa namna gani.