Dawa ya kiungulia na hatima ya bakteria wema matumboni

KIUNGULIA hutokea pale tindikali ya tumbo inapopanda hadi kwenye umio na kuleta mwako kifuani. Tiba inayotumiwa sana ni tembe za jamii ya omeprazoli, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Tembe hizo huzizuia seli za tumbo kutoa tindikali, na aghalabu daktari huziagiza kwa wiki nne hadi nane.

Tatizo huzuka pale mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu anapoendelea kujinunulia dawa hiyo mwezi baada ya mwezi, bila ya kumrudia daktari.

Tindikali si adui wa mwili. Husaidia kusaga chakula na kurahisisha ufyonzaji wa vitamini B12 na madini ya chuma. Isitoshe, ni bawabu anayeua viini vingi vya chakula na maji kabla havijafika matumboni. Bawabu huyo akilazwa usingizi, wageni huingia.

Utafiti wa wanasayansi wa Uholanzi uliochapishwa mwaka wa 2016, uliohusisha zaidi ya watu 1,800, ulionyesha kwamba watumiaji wa dawa hizo walikuwa na aina chache zaidi za bakteria matumboni, ilhali bakteria wa kawaida wa kinywani walikuwa wameongezeka humo. Awali, mwaka wa 2012, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikuwa imetahadharisha kuwa dawa hizi huenda zikahusiana na ugonjwa wa kuhara unaoletwa na bakteria aitwaye Clostridium difficile, ambao huweza kuwa hatari kwa wazee na waliolazwa hospitalini.

Je, probiotiki zaweza kuziba pengo hilo? Probiotiki ni viumbe hai wadogo wanaomfaidi mtu kiafya akiwatumia kwa kiasi cha kutosha. Hupatikana katika vidonge maalumu na katika baadhi ya maziwa yaliyochachushwa.

Jibu la wataalamu ni la tahadhari. Mwongozo uliotolewa mwaka wa 2020 na chama cha madaktari wa maradhi ya tumbo cha Marekani uliona kwamba ushahidi ni haba kwa maradhi mengi ya tumbo. Hata hivyo, ulikubali kwamba aina fulani zaweza kutumiwa kuwakinga dhidi ya Clostridium difficile wagonjwa wanaomeza viuavijasumu. Faida hutegemea aina ya bakteria. Iliyothibitishwa kwa maradhi haya haiwi dawa ya maradhi yale.

Kwa mtu mwenye afya ya wastani, bilauri ya maziwa lala au mtindi ni chakula chema. Ajue tu kwamba kuyachemsha baada ya kuchacha huwaua bakteria wake. Anayetumia dawa zinazodhoofisha kinga ya mwili hana budi kumwuliza daktari kwanza.

Mursik nayo ina suala lake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2013 ulipata alkoholi na asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani, katika sampuli za kinywaji hicho kutoka magharibi mwa Kenya, eneo ambalo saratani ya umio imeenea. Haijathibitishwa kwamba mursik ndiyo chanzo, lakini si busara kuifanya tiba ya kiungulia.

Basi hatua ya kwanza si kununua probiotiki, bali kumwuliza daktari iwapo tembe zenyewe bado zinahitajika. Asiyezihitaji huweza kupunguziwa kipimo polepole, kwani kuziacha ghafla huweza kuifanya tindikali imiminike kwa wingi na kiungulia kurejea kwa kishindo. Anayemeza aspirini kila siku au aliyewahi kutokwa na damu tumboni asiziache kamwe kwa hiari yake. Huenda ndizo zinazomkinga.

Kula mapema kabla ya kulala, kupunguza uzani, kuacha sigara na kuinua upande wa kichwani wa kitanda pia husaidia.

Anayeona chakula kikikwama anapomeza, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, asitafute nafuu katika tembe wala maziwa. Aende hospitalini bila kuchelewa, kwani dawa ya kiungulia huweza kutuliza maumivu huku saratani ikiendelea kukua kimyakimya.