Mgunga si Acacia tena: namna majina ya kisayansi ya jamii ya mikunde yanavyobadilika

Ukitafuta habari za mgunga kwenye simu yako, utakutana na majina mawili ya kisayansi. Vitabu vya zamani vinasema mti huo ni Acacia tortilis. Maandishi ya miaka ya karibuni yanasema ni Vachellia tortilis. Ni rahisi kudhani kwamba hiyo ni miti miwili, au kwamba kuna mwandishi aliyekosea. Mti ni mmoja, na waandishi wote walikuwa sahihi kwa wakati wao. Kilichobadilika ni jina.

Jambo hili haliuhusu mgunga peke yake. Hapa Kawe, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, hukosi kuona mkwaju, mjohoro au mkrismasi kwenye kiwanja cha mtu au kando ya barabara. Miti hiyo, pamoja na mgunga wa nyika, mpingo, mninga, maharage, kunde, choroko na mbaazi, yote ni ya jamii moja: mikunde. Jamii hii imepangwa upya, na baadhi ya mimea yake imepewa majina mapya. Katika makala hii tunaeleza kwa nini, nani huamua, na mabadiliko hayo yanamgusaje mtu anayenunua mbegu au kuvuna mbao.

Jina la kisayansi hujengwaje

Majina ya mimea yanayotumika leo huhesabiwa kuanzia mwaka 1753, pale Carl Linnaeus wa Sweden alipochapisha kitabu chake kikubwa cha mimea. Kila mmea hupewa jina lenye maneno mawili. Neno la kwanza ni la jenasi, ambayo tunaweza kuiita ukoo. Neno la pili huonyesha spishi, yaani ni mmea upi ndani ya ukoo huo. Koo zenye asili moja huunda jamii. Kwa mfano mkwaju ni Tamarindus indica: ukoo wake ni Tamarindus, na jamii yake ni mikunde.

Majina haya yana sheria zake, na tatu kati ya hizo zinatosha kueleza mengi.

Kwanza, kama mmea umepewa majina zaidi ya moja, kwa kawaida lile la zamani zaidi lililotolewa kihalali ndilo hushinda.

Pili, jina halifutwi kwa sababu tu maana yake haiko sawa. Tamarindus limetokana na Kiarabu na maana yake ni tende ya Hindi, na indica maana yake ni ya India, ilhali wataalamu wanaona asili ya mkwaju ni Afrika. Hata hivyo jina limebaki.

Tatu, jina la ukoo hufungwa kwenye spishi moja ya mfano. Ukoo ukigawanywa, jina hubaki upande wenye spishi hiyo, na upande mwingine hutafutiwa jina jingine. Sheria hii ya tatu ndiyo iliyozua mgogoro wa mgunga.

Kutoka matawi matatu hadi sita

Jamii ya mikunde ina spishi zinazokaribia 20,000. Ni ya tatu kwa ukubwa kati ya mimea yote itoayo maua, baada ya jamii ya okidi na jamii ya alizeti. Kwa miaka mingi wataalamu waliigawa katika matawi matatu kwa kutazama ua. Tawi moja lilikuwa la maua yenye umbo la kipepeo, kama ya maharage. La pili lilikuwa la maua madogo yenye nyuzi nyingi, kama ya mgunga. La tatu lilichukua waliobaki, wakiwemo mkrismasi, mjohoro na mkwaju. Vitabu vya kitaalamu vya mimea ya Afrika Mashariki, vilivyotolewa kwa sehemu kuanzia mwaka 1952 hadi 2012, viliifuata njia hiyo.

Baadaye wataalamu walianza kusoma vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mmea. Vinasaba vilionyesha kwamba sura ya ua inaweza kudanganya, kama vile watu wawili wanavyoweza kufanana bila kuwa na undugu. Mwaka 2017 kundi la wataalamu kutoka nchi nyingi lilichapisha mpango mpya wenye matawi sita. Tawi la maharage lilibaki. Tawi la mgunga lilikoma kusimama peke yake, likaunganishwa na la mkrismasi na mjohoro. Mkwaju ulihamishwa, na sasa uko tawi moja na mkongo na msandarusi.

Msandarusi nao una kisa chake. Utomvu wake, sandarusi, uliuzwa sana nje kupitia Zanzibar katika karne ya 19 kwa ajili ya kutengenezea vanishi. Vitabu vya zamani viliuita Trachylobium verrucosum, kana kwamba mti huo ulikuwa na ukoo wake peke yake. Mwaka 1974 wataalamu waliurudisha katika ukoo wa Hymenaea, ambao spishi zake nyingine zote ziko Amerika ya kitropiki. Kwa hiyo mti wa pwani yetu una ndugu zake ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, na jina lake la sasa, Hymenaea verrucosa, linaonyesha undugu huo.

Kura iliyohamisha jina la mgunga

Ukoo wa zamani wa Acacia ulikuwa mkubwa mno: zaidi ya spishi 1,300 duniani. Ilipothibitika kwamba ndani yake kulikuwa na koo kadhaa tofauti, ikabidi ugawanywe. Spishi ya mfano ilikuwa Acacia nilotica, mti wa Afrika na Asia. Kwa sheria ile ya tatu, jina Acacia lilipaswa kubaki na mti huo na ndugu zake wa karibu, ambao wengi wao tunawaita migunga.

Lakini Australia ina takriban spishi 1,000 za upande mwingine wa ukoo huo. Mwaka 2003 wataalamu wa huko waliwasilisha pendekezo kwamba spishi ya mfano ibadilishwe na ichukuliwe ya Australia, ili majina yasibadilishwe kwa mamia. Suala hilo lilifika kwenye mkutano wa kimataifa wa botania mjini Vienna mwaka 2005. Kamati ilikuwa imekubali pendekezo, na ili kulikataa zilihitajika kura asilimia 60. Waliotaka likataliwe walipata takriban asilimia 55. Walikuwa wengi, lakini hawakutosha. Jina Acacia likaenda Australia. Mjadala uliendelea, wapo walioona Afrika imenyang'anywa jina lake, na mwaka 2011 mkutano wa Melbourne uliuthibitisha uamuzi huo.

Tangu hapo migunga yetu imegawanyika katika koo mbili kubwa. Vachellia kwa kawaida ina miiba iliyokaa miwili miwili chini ya jani, na maua yake mengi ni ya duara kama vitufe. Senegalia ina miiba mifupi iliyopinda kama kucha, na maua yake mengi ni marefu kama brashi. Acacia nilotica sasa ni Vachellia nilotica. Mti unaotoa gundi inayojulikana duniani kama gundi ya Kiarabu, uliokuwa Acacia senegal, ni Senegalia senegal.

Kuna pia ule mgunga ambao wakulima hupenda kuuacha shambani kwa sababu hupukutisha majani wakati wa mvua na hauyazibi mahindi. Uliitwa Acacia albida. Huo ulikwishapewa ukoo wake tangu mwaka 1934, nao ni Faidherbia albida.

Mabadiliko yanapogusa shamba

Wapo wanaosema majina haya ni mambo ya maprofesa. Tutazame mjohoro. Zamani uliitwa Cassia siamea. Katika miaka ya 1981 na 1982 ukoo wa Cassia uligawanywa mara tatu: Cassia, Senna na Chamaecrista. Mjohoro ukawa Senna siamea.

Mgawanyo huo unalingana na jambo analolijali mkulima. Mimea ya Chamaecrista huota vinundu kwenye mizizi, na ndani ya vinundu hivyo bakteria hukamata naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Cassia na Senna hazina vinundu. Anayepanda mjohoro akitarajia utarutubisha udongo kama kunde zinavyofanya, kwa kuwa tu amesikia ni jamii ya mikunde, atangoja bure. Mjohoro una kazi zake nzuri, kama kuni, nguzo na kivuli, lakini kukamata naitrojeni si mojawapo.

Choroko ni mfano mwingine. Vitabu vya zamani viliiweka kwenye ukoo wa maharage, Phaseolus. Leo iko kwenye ukoo wa kunde, Vigna, na jina lake ni Vigna radiata. Hata bakteria inaowahitaji ni wa kundi moja na wa kunde, si wale wa maharage. Kwa hiyo ukinunua bakteria wa kuchanganya na mbegu, usichukue pakiti ya maharage ukaitumia kwenye choroko. Soma imeandikwa kwa ajili ya zao gani.

Ngwara, ambayo kwa majirani zetu Kenya huitwa njahi, zamani iliitwa Dolichos lablab na sasa ni Lablab purpureus. Wapo wauza mbegu na wakulima ambao bado huiita dolichos. Ukikutana na majina hayo mawili, jua kwamba zao ni lile lile.

Majina na sheria ya mbao

Kwenye biashara ya mbao, jina la kisayansi huandikwa kwenye vibali. Mpingo, ambao ni Dalbergia melanoxylon, umo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Ukoo wote wa Dalbergia ulikwisha kuorodheshwa kufikia Januari 2017. Mwezi Novemba 2022, mkutano wa Panama uliingiza koo za Pterocarpus na Afzelia za Afrika, yaani mninga na mkongo pamoja na ndugu zao. Kusafirisha mbao hizo nje ya nchi kunahitaji kibali cha mkataba huo.

Pale sheria inapotaja ukoo mzima, kujua mti ni wa ukoo gani ni sawa na kujua kama unahitaji kibali. Jina la kienyeji peke yake halitoshi, kwa sababu linaweza kubeba miti kadhaa, kama mgunga unavyobeba. Na jina la zamani likiachwa bila maelezo linaweza kukwamisha mzigo.

Nani huamua

Kanuni za majina hujadiliwa na kupigiwa kura katika mkutano wa kimataifa wa botania, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka sita. Kuamua mmea uwekwe ukoo gani ni kazi ya watafiti, na wenzao hukubali au kukataa kadiri ushahidi unavyoonyesha.

Mwaka 2024, mkutano wa Madrid ulipitisha jambo zito kwa Afrika. Zaidi ya mimea 200 ilikuwa na neno caffra au linalofanana nalo, lenye asili ya neno la Kiarabu la mtu asiyeamini, ambalo Afrika Kusini liligeuzwa kuwa tusi kwa Mwafrika. Watafiti wawili wa Afrika Kusini, Gideon Smith na Estrela Figueiredo, walipendekeza herufi ya kwanza iondolewe ili neno liwe affra, lenye kuashiria Afrika. Kura 351 zilikubali na 205 zilikataa. Mmoja wa miti hiyo ni wa mikunde: Erythrina caffra wa Afrika Kusini, ambao sasa ni Erythrina affra.

La kufanya

Jina jipya halikulazimishi kulitupa la zamani. Tunashauri mambo manne.

Ukitafuta maelezo ya mti, tafuta kwa majina yote mawili. Anayetafuta Vachellia pekee huyakosa maandishi ya miaka mingi yaliyoandikwa chini ya Acacia.

Ukiandika jina kwenye kitalu, kwenye pakiti ya mbegu au kwenye ripoti ya kikundi, weka jina la kienyeji, jina la sasa, kisha la zamani. Mfano: mjohoro, Senna siamea, zamani Cassia siamea.

Ukitaka kuhakikisha, tovuti ya Plants of the World Online ya bustani ya Kew, London, inafunguka kwenye simu bila malipo. Andika jina la zamani, nayo itakuonyesha linalokubalika sasa.

Ukiwa na mmea usioujua kabisa, kausha tawi lenye majani na maua au matunda kati ya magazeti, andika ulikolikata na mnavyouita kwenu, kisha mpelekee afisa misitu au afisa ugani. Hifadhi za mimea mikavu ziko Arusha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi yao ni kulinganisha tawi kama hilo na yaliyokusanywa tangu zamani. Jina la kijijini kwenu likiandikwa vizuri pamoja na tawi, litabaki pale hata kama jina la Kilatini litahama tena.