Vitabu vya katuni vya Kongo: vilisomwa na mtaa mzima, nani alivihifadhi?

Mtu akitaka leo kuona kwa wingi vitabu vya Papa Mfumu'eto wa Kwanza, yule mchoraji aliyechekesha na kutisha mji wa Kinshasa katika miaka ya 1990, hataenda Matonge wala Ngaba. Itabidi apande ndege mpaka Gainesville, katika jimbo la Florida, Marekani. Huko, kwenye maktaba ya chuo kikuu, michoro na karatasi zake zimewekwa ndani ya masanduku na kuandikwa kwenye orodha. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, aliyefanya utafiti Kongo kwa miaka mingi, ana mkono mkubwa katika jambo hilo. Hapa nchini, karatasi za namna ile ile zilifungia karanga.

Ni jambo la kushukuru, na ni jambo la kuona haya kidogo. Kama masanduku yale yasingeondoka, huenda leo yasingekuwepo kabisa. Lakini mtoto wa Goma, Bunia au Uvira anayetaka kujua babu zake walicheka nini, hawezi kuyafikia.

Vitabu hivi, ambavyo wengi tunaviita BD kwa Kifaransa, havikuanza kama vitabu vyetu. Tintin alitumwa Kongo na gazeti la Brussels mwaka 1930, na mchoraji wake, Hergé, hakuwahi kukanyaga nchi aliyoichora. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilitoa jarida la picha lililoitwa Nos Images, kwa Kifaransa na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwa kimojawapo. Ndani yake mlikuwa na familia ya Mbumbulu: baba, mama na watoto waliochorwa ili kumwonyesha Mkongo namna ya kula mezani, kutunza nyumba na kuwa raia mtiifu. Mafundisho mengi, kicheko kidogo.

Kicheko chenyewe kilikuja mwaka 1968. Mwaka huo Achille Ngoye na Freddy Mulongo walianzisha Kinshasa jarida la Jeunes pour Jeunes, yaani vijana kwa ajili ya vijana. Humo Kifaransa kilichanganywa na Lingala, na juu yake ikaongezwa Hindubill, lugha ya vijana wa mitaani ambayo wazazi hawakuipenda. Apolosa, polisi wa kuchekesha, alijulikana kama jirani. Baadaye, wakati wa siasa ya Authenticité ya Mobutu, jarida lilibadilisha jina likaitwa Kake, neno la Lingala linalomaanisha radi. Katika miaka ile ile Mongo Sisse alikuwa akiwachora Mata Mata na Pili Pili, na baadaye kijana Bingo anayeacha kijiji na kufika mjini.

Wachoraji walikuwepo, na wasomaji walikuwepo zaidi. Ila uzuri wa majarida haya ndio uliyoyamaliza. Yalichapwa kwa karatasi ya bei ya chini ili kijana asiye na kitu aweze kununua. Na aliyenunua hakusoma peke yake. Nakala moja ilitoka parsele moja kwenda nyingine, ikafika shuleni, ikakunjwa ndani ya daftari la hesabu, ikarudi bila jalada, au haikurudi. Hakuna aliyefikiri kwamba anashika kitu cha historia. Nani huhifadhi gazeti la jana?

Papa Mfumu'eto alifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1990, wakati Mobutu alipokuwa ametangaza mwisho wa chama kimoja na watu wakaanza kuongea kwa sauti, alitoa kijitabu kwa Lingala juu ya tajiri mmoja wa mjini aliyegeuka nyoka mkubwa, akammeza mwanamke, kisha akatapika pesa. Kila aliyesoma alijua nyoka huyo anaishi wapi, ingawa jina halikuandikwa. Alichora mwenyewe, akachapisha mwenyewe, na vijitabu vikauzwa barabarani na sokoni. Vilikuwa na kurasa chache za karatasi ya gazeti, zimeshikwa kwa vipini vya chuma. Basi.

Halafu nchi yenyewe ikaanza kuchanika. Uporaji wa Septemba 1991 na ule wa Januari 1993 uliingia kwenye maduka, viwanda na nyumba. Vita vikafuata. Kisangani, mji alikozaliwa mchoraji Barly Baruti mwaka 1959, ulipigwa kwa mabomu siku sita mwezi Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yakipigana katikati ya mitaa ya watu. Goma haikungoja binadamu peke yake: tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na waliokimbilia Gisenyi usiku ule walibeba watoto, magodoro na sufuria. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Mwaka huu mtu akiuliza familia moja ya hapa imehama mara ngapi, jibu huhesabiwa kwa vidole vya mikono yote miwili. Karatasi haipati nafasi katika hesabu hiyo.

Hata hivyo si vita vilivyoua vitabu vingi. Vingi vilikufa kimya kimya, nyumbani, juu ya kabati.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, pamoja na vitu vya asili vilivyomo ndani ya mti huo. Vitu hivyo vikipata mwanga na joto, karatasi hugeuka njano, kisha kahawia. Ndani yake asidi inazidi, na mwisho ukurasa unavunjika ukiukunja, kama jani kavu. Hakuna dawa ya kurudisha rangi. Kinachowezekana ni kuchelewesha: giza, ubaridi, ukavu.

Wamarekani wanao mfano mmoja wanaoupenda sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto wao walikusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya jeshi, na vitabu vya katuni vya miaka ya 1930 vikaenda huko kwa marundo. Ndiyo maana vilivyobaki vina bei ya ajabu: kile ambacho Superman alionekana mara ya kwanza mwaka 1938, Action Comics nambari 1, nakala yake moja iliuzwa dola milioni 6 mwaka 2024. Lakini mwaka 1977, katika nyumba moja ya jimbo la Colorado, yalikutwa maelfu ya vitabu vya enzi hizo, rangi zikiwa bado zinang'aa. Mwenye nyumba, Edgar Church, hakuwa na mashine yoyote. Alivipanga vimebanana, mahali pa giza, na hewa ya Colorado ni kavu na baridi. Vikakaa. Basi hewa ndiyo iliyofanya kazi.

Kivu si Colorado. Hapa mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, na kuta za mbao zinavuta maji. Ukungu unapenda hewa nzito isiyotembea. Kando ya Goma kuna jambo lingine ambalo kila mwenye nyumba analijua kwenye mabati yake: moshi wa volkano unashuka na mvua, na chuma kinaota kutu haraka. Vile vipini vidogo vya katikati ya kitabu ni chuma pia. Vikiota kutu, vinaacha doa jekundu na kukata karatasi pale pale kwenye mkunjo. Ongeza moshi wa makala jikoni, mende wanaokula gundi, panya wanaotafuta matandiko ya watoto wao, na mchwa kwa wale wanaokaa Beni, Butembo au Uvira kwenye udongo. Hapo inaeleweka kwa nini kijitabu cha 1990 kikionekana leo, watu wanakiitana.

Wapo walioweza, na namna zao zinafanana. Kitabu hakiwekwi chini, hata ndani ya sanduku. Sanduku linainuliwa juu ya matofali au mbao, kiganja kizima kutoka sakafuni, na halisukumwi mpaka kugusa ukuta wa nje, maana maji huingia kwa ukuta kabla hayajaonekana. Chumba cha kulala ni bora kuliko sebule yenye dirisha kubwa, na sebule ni bora kuliko mahali popote panapofikiwa na moshi wa jikoni. Sanduku la chuma linazuia panya, lakini bati tupu linatoa jasho usiku wa baridi. Wenye kujua hutandika kwanza kartoni safi ndani yake.

Juu ya sashe, watu wengi wanakosea kwa nia njema. Wanafunga kitabu ndani ya plastiki, wanabana mdomo kwa moto wa mshumaa, wanafurahi. Kama kitabu kilikuwa na unyevu kidogo tu, unyevu huo umefungiwa ndani pamoja nacho, na baada ya msimu mmoja ukungu umeshachora katuni yake mwenyewe. Kitabu kikaushwe kwanza kivulini, siku kadhaa, penye upepo, kamwe si juani. Ndipo kiingie kwenye sashe angavu isiyo na harufu, mdomo ukunjwe tu. Plastiki laini yenye harufu kali ya mpya, kama ile ya majalada ya daftari, inanata kwenye wino na kuuondoa. Kila mwisho wa masika sanduku lifunguliwe, vitabu vipate hewa asubuhi moja.

Na skochi isiguse ukurasa uliochanika. Inaonekana kama msaada mwaka wa kwanza. Baadaye gundi yake inageuka njano, inaingia ndani ya karatasi, plastiki inabanduka yenyewe na doa linabaki milele. Ukurasa uliochanika ukae umechanika, ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa.

Haya yote yanamhusu mwenye nyumba. Aliyeishi chini ya turubai Kanyaruchinya au Bulengo, au anayelala kwa ndugu pamoja na familia nyingine tatu, atacheka akisikia habari za kabati na matofali. Kwake swali ni lingine: kama kuna dakika kumi za kuondoka na nafasi ya kitu kimoja cha karatasi katikati ya vyeti vya shule na kadi za chanjo, ni kitabu gani?

Wengi huchukua kile kizuri zaidi kwa macho: Tintin mwenye jalada gumu, aliyeletwa na mjomba kutoka Brussels. Kuna sababu ya kumwacha. Tintin huyo amechapwa tena na tena, na kesho atapatikana dukani mahali pengine. Hata Madame Livingstone ya Baruti, ya mwaka 2014, inayosimulia vita vya Wabelgiji na Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika, ziwa letu wenyewe, imechapwa Ufaransa na nakala zake ziko katika maktaba nyingi. Kijitabu chembamba cha barabarani, Kake iliyokosa jalada, BD ya parokia iliyochapwa na Saint-Paul Kinshasa, au ile ya kuelimisha juu ya kipindupindu iliyogawiwa bure sokoni, hiyo hakuna atakayeichapa tena. Thamani yake sokoni ni sifuri. Huenda ndiyo nakala pekee iliyobaki katika mkoa mzima.

Na kinaingia ndani ya shati. Kitabu cha kurasa chache, kikilazwa kati ya vipande viwili vya kartoni na kuviringishiwa kitenge, kimetembea mbali kuliko masanduku mengi.

Kabla ya siku hiyo kufika, simu inaweza kufanya nusu ya kazi. Jalada kwanza, kisha kila ukurasa peke yake, nje kivulini wakati wa mchana bila taa ya simu, kitabu kimelala na simu iko sambamba juu yake. Picha ziwekwe kwenye kadi ya memori na nyingine zitumwe kwa ndugu aliye mji mwingine, maana simu nazo zinaporwa barabarani. Picha si kitabu, lakini Apolosa anachekesha hata kwenye kioo kidogo.

Kuna jambo moja dogo ambalo wahifadhi wa maktaba kubwa huomba na mara nyingi hawalipati: kitabu kilinunuliwa wapi, mwaka gani, na kilikuwa cha nani. Nyuma ya jalada, kwenye kona, kwa penseli. Bic ina wino unaosambaa ukilowa, na wino huo unatokeza upande wa pili. Penseli inabaki mahali ilipoandikwa, hata kitabu kikivuka mpaka mara mbili.